Stelingi wa Shamba la Magugu

Benchi la Ngokolo, mjini Shinyanga, ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Kamili fundi baiskeli. Mataruma hayo aliyaleta Mabula, anayefanya kazi stesheni, na kwa heshima ya urafiki hakuna aliyemuuliza ameyatoa wapi. Pembeni hukaa Mama Bernadina na jiko lake la mkaa, birika la kahawa chungu na sinia la kashata za karanga. Kahawa yake unalipia, maoni yake unapewa bure, na mara nyingi hayo maoni ndiyo machungu zaidi. Anayeongoza mazungumzo ni Kamili mwenyewe, aliyebandikwa jina la Profesa kwa sababu zamani alichana tiketi miezi saba mlangoni mwa jumba la sinema kule Mwanza. Kwa kuwa alikuwa anaingia ukumbini baada ya kuchana tiketi ya mwisho, hakuna sinema hata moja aliyopata kuiona mwanzo wake, lakini hilo halijawahi kumzuia kuzieleza zote. Tena ndiye balozi wa nyumba kumi za pale, na kila msimu wa palizi hupita mlango kwa mlango akihimiza watu waende mashambani.

Jumamosi hiyo ya Februari 1974, saa nane mchana, Otmar alifika benchini na barua mkononi. Otmar ni mkulima wa pamba, mtu wa Bukombe aliyehamia Shinyanga akiwa kijana, mpole, asiye na maneno mengi. Alikaa bila kuagiza kahawa, na hapo wote wakajua kuna jambo.

— Nisaidieni maneno, — alisema. — Mzee Kalisti anakuja leo na basi la Kahama.

— Mkwe mtarajiwa! — Mabula akapiga makofi. — Si ndiyo furaha hiyo?

— Haji kwa furaha. Anakuja kuvunja posa.

Mama Bernadina akaweka birika chini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka uliopita walikuja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam kutengeneza filamu ya kuhimiza kilimo cha pamba. Walitaka wakulima wawili, mmoja aitwe Juhudi na mwingine aitwe Mzembe. Juhudi walimpa karani mmoja wa mjini mwenye meno mazuri. Mzembe wakampa Otmar, kwa maelezo kwamba sura yake inapokea jua vizuri. Otmar alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeteuliwa, na kwa miezi kumi aliwaambia watu kuwa yeye ndiye stelingi, yaani shujaa wa picha. Kisha gari la sinema likaanza kuzunguka. Liliifikisha filamu Ushirombo kabla ya kuifikisha Shinyanga, na Ushirombo ndiko anakokaa Mzee Kalisti, baba yake Febronia, binti ambaye Thobias, mtoto wa Otmar, alikuwa amemposa. Ngokolo iliona filamu hiyo juzi tu, kwenye uwanja, juu ya shuka jeupe. Na tangu juzi hakuna aliyemwita Otmar stelingi.

— Soma hiyo barua, — Kamili alisema, akiwa amepinda juu ya gurudumu.

Mabula akaisoma kwa sauti ya kutangaza treni:

— "Baba Thobias, salamu. Sisi hapa hatujambo. Tumekuona. Kijiji kizima kimekuona umelala chini ya mti na jembe limekuegemea. Hilo la kulala ningelisamehe, maana mtu anaweza kuambiwa lala akalala. Lakini magugu yale hayakuambiwa na mtu yaote. Nakuja mwenyewe. Simpeleki mwanangu kwenda kupalilia shamba la mtu aliyelala. Wako, Kalisti."

Spana ya Kamili ilianguka kwenye beseni la maji ya kutafutia pancha. Aliiokota taratibu, akaipangusa muda mrefu kuliko spana inavyohitaji kupanguswa.

Msomaji naye apewe siri hii sasa hivi, asije akalalamika baadaye. Shamba lile la magugu lilikuwa la Kamili. Watu wa sinema walipofika kwa Otmar, walitembea mistari yote ya pamba wakikosa gugu la kupiga picha. Wakavuka mpaka, wakakuta shamba la jirani, na mwenye kamera akacheka kwa raha. Otmar alikuja mbio mpaka kibandani kuomba ruhusa, na Kamili akakubali kwa sharti moja, kwamba neno hilo lisitoke kinywani mwa Otmar mpaka anaingia kaburini. Balozi anayewakagulia wenzake palizi hawezi kujulikana kwamba kwake magugu yanafika kiunoni. Otmar aliahidi. Na hata leo, barua ikiwa inasomwa mbele ya watu, hakumtazama Kamili hata mara moja. Hilo ndilo lililomchoma Kamili zaidi, maana mtu akikutazama kwa lawama angalau unapata pa kuanzia kumkasirikia.

— Dawa ipo, — Kamili alisema haraka. — Mzee yule hajui sinema. Akifika, tunampa somo. Kwanza kabisa, ajue stelingi ni nani.

— Ni nani? — Otmar akauliza, kama mgonjwa anayeuliza dozi.

— Stelingi ni yule ambaye picha ikiisha, yeye bado yuko hai.

— Kwenye ile ya pamba wote walibaki hai, — Marselino akasema. Huyu Marselino, aliyebandikwa jina la Karati, aliwahi kuchimba dhahabu mgodini Geita mpaka mgodi ulipofungwa, na kwake kila kitu duniani kina kitu kingine chini yake. — Kilichokufa ni pamba ya Otmar peke yake.

— Basi adui ni Otmar.

— Mabula!

— Nauliza tu, Profesa.

— Hapana, stelingi ni anayeonekana sana. Mimi nilihesabu. Uso wa Otmar umekuja mara kumi na moja. Juhudi mara sita, na mbili kati ya hizo ni meno matupu.

— Kuonekana si hoja, — Mama Bernadina akasema, akimimina kahawa. — Hata ng'ombe walionekana. Stelingi ni yule anayetaka kitu. Juhudi alitaka nini? Tangu mwanzo alikuwa na jembe jipya, shati jeupe na mke anayecheka. Hakukosa kitu. Otmar peke yake ndiye aliyekuwa na hamu ya kitu.

— Hamu ya nini, mayu, mama yangu? — Mabula akauliza.

— Ya kulala.

Walicheka wote, na Otmar akacheka kidogo, kisha akakumbuka barua.

— Cheka tu, Baba Thobias, — Mama Bernadina akaendelea. — Lakini tazama mwisho. Juhudi alivyoanza ndivyo alivyoisha. Wewe mwishoni uliamka, ukashika jembe, ukapeana naye mkono. Katika hadithi, mtu ambaye amebadilika ndiye mwenye hadithi.

Kamili alikubali moyoni kwamba hilo lilikuwa zuri, na kwa sababu lilikuwa zuri hakutaka litoke kwa mwingine.

— Ndivyo nilivyotaka kusema. Sasa tuje kwenye kukata.

— Kukata nini?

— Mkanda. Filamu hukatwa kwa mkasi na kuungwa kwa gundi. Unamwona Otmar amelala, halafu ghafla, kata! unamwona Juhudi anatoka jasho. Macho yako yanaunga yenyewe. Unasema, kumbe huyu amelala wakati mwenzake analima.

— Si kweli hiyo! — Otmar akapata nguvu. — Siku ile karani analima, mimi ndiye niliyeshika ndoo ya maji ya kummwagia usoni. Lile jasho lote nililichota mimi kisimani.

— Jasho la kisimani! — Mabula akapiga paja. — Hilo mwambie mzee.

— Na ile picha ya uso, — Kamili akaongeza, — pale kamera ilipokusogelea mpaka tukaona vinyweleo. Picha ya uso ina kazi yake. Ikikusogelea ukiwa umefumba macho, watu wanaingia mpaka rohoni mwako. Wanasema huyu si kwamba amelala, huyu ndivyo alivyoumbwa.

— Nilikuwa nimefumba kwa sababu ya jua. Waliniambia nilitazame kwanza.

— Bora uso, — Marselino akasema. — Mimi kilichoniudhi ni ile sauti. Mmesahau? Otmar hajafungua mdomo, sauti inatoka juu inasema, "Huyu ni Mzembe. Jua limechomoza, yeye bado anaota." Ni nani yule?

— Yule ni msimuliaji, — Kamili akajibu. — Haonekani.

— Ndiyo nasema! Mtu aliyetuambia kwamba Otmar ni mzembe hatukumwona uso, hatujui kwao, hatujui kama ana hata bustani ya mchicha. Mimi nasema adui wa sinema ile hayumo kwenye picha. Kajificha pembeni, mwenzake anachafuka jina.

Kamili akapiga pampu kwenye gurudumu ambalo tayari lilikuwa limejaa.

— Wewe Karati unachimba mno, — alisema.

— Dhahabu haikai juu juu, Profesa.

Kuanzia hapo mazungumzo yakachukua mwendo wake wa kawaida, yaani yakaacha njia. Mabula alishikilia kwamba mikanda ilichanganywa. Sinema ile ilikuwa na mikanda mitatu, na yeye mwenyewe aliwahi kuona mizigo mitatu ikipangwa kinyume stesheni ikafika Tabora hivyo hivyo.

— Anzeni na mkanda wa mwisho, — alieleza, akipanga kashata tatu kwenye benchi. — Otmar anaamka, anashika jembe, anapeana mkono na mwenzake. Mkanda wa katikati, pamba inapimwa. Mkanda wa kwanza ndio unaomalizia. Otmar amelala chini ya mti. Amelala kwa nini? Amevuna! Mtu aliyevuna ana haki ya kulala. Mmeharibu jina la mtu kwa sababu ya fundi mitambo asiyejua kuhesabu.

— Na magugu? — Otmar akauliza.

— Baada ya kuvuna magugu yanaota. Kuna sheria?

— Kula hiyo sinema yako, — Mama Bernadina akamwambia. — Kashata tatu, utalipa.

Marselino hakutaka kuachwa nyuma. Kwake yeye, sehemu yote ya uzembe ilikuwa ni kurudi nyuma. Sinema ikirudi nyuma, alisema, haikwambii. Unajikuta tu uko jana. Juhudi alikuwa amekaa kwake, ni tajiri tayari, akakumbuka enzi zake za uvivu.

— Lakini sura ni ya Otmar, — Kamili akampinga.

— Mtu akijikumbuka haoni sura yake ya sasa. Wewe unakumbuka sura yako ya utoto? Juhudi na Mzembe ni mtu mmoja. Mzembe ni Juhudi siku ya Jumapili.

— Karani mwenye meno yale awe mimi? — Otmar akashika kinywa chake, ambacho kilikuwa na pengo mbele.

— Meno yanaota.

— Kwa mtu mzima?

— Kwenye sinema.

Walikuwa bado wanagombana kuhusu meno pale mzee mrefu mwenye kofia ya kahawia na mkoba wa ngozi aliposimama mbele yao. Suruali yake, kuanzia goti hadi chini, ilikuwa imejaa vishona nguo, zile mbegu nyeusi zenye miba zinazomganda mtu akipita porini. Otmar akasimama wima.

— Shikamoo, Baba Febronia.

— Marahaba, Baba Thobias. Nyote hamjambo?

— Shikamoo, mzee, — wakaitika kwa pamoja, na Mabula akampisha nafasi. Mzee Kalisti hakukaa.

— Basi bado halijafika, — Otmar akasema kwa wasiwasi.

— Nililiacha ng'ambo ya reli. Nikamuuliza mchunga ng'ombe mmoja, lile shamba la kwenye sinema liko wapi. Akanionyesha kichuguu. Nikakijua mara moja, ndicho kile kile tulichokiona, kina mti wa mkwaju umeota ubavuni.

— Mzee, — Kamili akaanza, — kuhusu sinema, kuna kitu kinaitwa kukata...

— Ngoja, kijana wangu. Mimi sinema sijui, shamba najua. Pale kuna mashamba mawili yanapakana. Moja ni safi, pamba imepaliliwa mara mbili, mistari imenyooka. La pili ndilo lenye kichuguu, na mwaka huu nalo magugu yamefika hapa. — Akagusa kiuno. — Sasa nauliza swali moja tu. La kwako ni lipi, Baba Thobias?

— Lile safi.

— Kila mwanaume duniani ataniambia la kwake ni lile safi. Lile jingine ni la nani?

Mabula alimtazama Marselino, Marselino akainua mabega. Hawakujua kweli. Mama Bernadina alichochea mkaa bila kuinua kichwa. Otmar alitazama vidole vya miguu yake.

— Hilo siwezi kusema, mzee.

— Hujui au huwezi?

— Siwezi.

— Nitajie jina tu. Nikamuulize mwenyewe, akinijibu ni lake, yameisha. Nakunywa kahawa, tunazungumza habari za watoto.

Jasho lilimtoka Otmar, na safari hii hakukuwa na mtu aliyeshika ndoo.

— Nisamehe, Baba Febronia. Siwezi.

Mzee Kalisti alitikisa kichwa kwa huzuni, maana alionekana mtu ambaye alitamani sana kushindwa katika safari hiyo ya kuvunja posa. Akaweka mkoba begani.

— Basi mwambie Thobias asitusubiri. Binti yangu atalia, lakini atalia nyumbani kwao.

Kamili alijua kijana Thobias alivyokuwa akipita pale kibandani kila jioni kuuliza kama baiskeli ya kumletea mchumba vyombo iko tayari. Baiskeli hiyo ilikuwa imeegemea ukutani nyuma yake, imepakwa rangi mpya. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Alitafuta neno lolote katika yale maneno yake ya sinema ambalo lingemwondoa pale bila kuonekana, akalikosa.

— Ni langu, — alisema.

Mzee alikuwa ameshageuka.

— Mzee Kalisti! Shamba la kichuguu ni langu. Magugu ya sinema ni yangu, na haya ya mwaka huu pia.

— Lako wewe? — Mabula akasimama. — Wewe balozi? Si juzi tu ulinifuata stesheni, nikiwa na bendera mkononi, kuniuliza habari za palizi?

— Ni langu, Mabula.

— Na mimi uliniambia mihogo yangu inaaibisha kata nzima, — Mama Bernadina akasema. Hakuonekana kushangaa sana. — Mihogo yenyewe mistari miwili.

— Nilisema. Nilikosea.

Mzee Kalisti alirudi, akamtazama Otmar, siyo Kamili.

— Ulijua, ukawa tayari posa ya mwanao ivunjike?

— Nilimwahidi, mzee. Wakati naahidi sikujua kwamba sinema itafika mpaka Ushirombo. Lakini ahadi nilishaitoa.

Mzee alivua mkoba, akakaa juu ya taruma, akaanza kung'oa kishona nguo kimoja kimoja kwenye suruali yake.

— Mama, nipe kahawa. Na mwenzangu huyu umpe pia, sioni kikombe mkononi mwake. Baba Thobias, mwezi ujao nitakuja na mama yake Febronia, aione nyumba. Mtu mwenye kutunza neno namna hiyo, hata akilala kidogo mchana mimi sitamuuliza.

Otmar aliinama akamsaidia mzee kung'oa miba. Marselino alimpiga mgongoni, Mabula akaanza kueleza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa upande wake, na Mama Bernadina akawapa kila mmoja kashata bila kutaja bei, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Ngokolo ianze kuwa na benchi.

Mzee Kalisti alikunywa kikombe chake mpaka mwisho. Akamgeukia Kamili, bila hasira kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

— Nimesikia wakati nakuja kwamba wewe ndiye mtaalamu. Hebu nifundishe. Aliyelala mnamwita Mzembe. Mwenye jembe jipya mnamwita Juhudi. Anayesema bila kuonekana naye ana jina, nililisikia kwetu Ushirombo, msimuliaji. Sasa yule mwenye magugu yenyewe, ambaye picha nzima haonekani na jina lake halitajwi, ninyi watu wa sinema mnamwitaje?

Mama Bernadina aliinamisha birika kwenye kikombe cha mzee, likatoa tone moja.

Kamili alifikiri kwa haki kabisa. Alipita sinema zote za miezi saba, nusu zile alizoziona, akatafuta mtu wa namna hiyo. Halafu akaanza kuingiza baiskeli za watu kibandani, moja baada ya nyingine, saa kumi ya Jumamosi, wakati wateja ndio kwanza wanatoka sokoni. Akavuta mlango, akafunga kufuli.

— Baba Thobias, — alisema bila kuinua macho. — Niazime jembe. Langu halina mpini tangu mwaka juzi.

— Yapo mawili nyumbani, — Otmar akasema, akainuka.